Harufu Iliyomsemesha Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na moja ya ndoa yangu, baba mkwe wangu hakuwahi kuniambia neno hata moja. Si kwamba alinichukia. Alinistahi, na kwa mila aliyokulia huko Rungwe, kumstahi mke wa mwanao ni kufanya kana kwamba hayupo. Hamtazamani usoni. Hamli meza moja. Akipita yeye, wewe unapisha. Ukipita wewe, yeye anapata jambo la haraka la kuangalia upande wa pili. Wanyakyusa wengi wa siku hizi wameshaachana na mambo hayo, na ninao wenzangu walioolewa huko ambao hupiga picha wamemkumbatia mkwe, wakazituma kwa dunia nzima. Mimi nilipewa mkwe wa zamani, aliyetimia kwa kila kitu.

Mimi mwenyewe ni Mhehe. Nimezaliwa Idodi, kwenye barabara ya kwendea mbugani, nikasoma Iringa mjini. Kwetu pia wakwe wanaheshimiwa, lakini walau mnasalimiana. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilijaribu kumsalimia kwa Kinyakyusa nilichofundishwa na mume wangu. Nilipiga magoti vizuri, nikatamka "Mugonile" vizuri, na mzee akageuka akaanza kukagua kitasa cha mlango. Alikikagua mpaka nilipoondoka.

Kwa hiyo alipopata mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji hospitali ya mjini Mbeya na kuambiwa akae karibu kwa wiki kadhaa mpaka atakapoonwa tena, niliishiwa nguvu kidogo. Sisi tunakaa Uyole, katika nyumba tuliyoijenga wenyewe pole pole, chumba kwa chumba. Masharti ya daktari yalikuwa mafupi: asiiname, asiinue kizito, asiingize maji machafu kwenye jicho. Akapewa na miwani nyeusi. Sasa fikiria mtu ambaye hakutazami, halafu anavaa miwani nyeusi. Hujui tena ni wapi asikokutazama.

Wiki ya kwanza ilikwenda salama kwa sababu ya mkalimani. Binti yetu alikuwa na miaka minane, na alifanya kazi hiyo kwa moyo mkunjufu.

"Mama, babu anasema uji ulikuwa mzito."

"Mwambie babu kesho nitauongeza maji."

"Babu anasema hakusema ni mbaya."

Na babu mwenyewe yuko barazani, hatua nne kutoka mlango wa jikoni, ananisikia kuliko anavyoisikia redio.

Kisha shule zikafungwa, na binti akaenda Iringa kwa mama yangu kama ilivyokuwa desturi. Siku mbili baadaye mume wangu akapigiwa simu kutoka Ubaruku, ambako tunalima mpunga. Mvua zilikuwa zimezidi, na maji yalikuwa yamebomoa kingo za majaruba. Alipanga nguo kwenye begi huku akinieleza kwamba ni siku mbili tu.

"Na baba yako?" nikamuuliza.

"Baba ana shida gani? Anakula, analala, anasikiliza taarifa ya habari."

"Nani atamwambia chakula tayari?"

Mume wangu alifikiri kidogo. Akasema, "Gonga sufuria."

Hivyo ndivyo tulivyobaki wawili ndani ya nyumba moja, watu wazima wenye akili zao, na sufuria ya kugonga.

Mvua ikaja kesho yake. Haikuwa ile ya kawaida ya Mbeya inayonyesha, inapumzika, ukungu unashuka, watu wanavaa masweta na kuendelea na maisha. Hii ilipiga bati tangu asubuhi kama mtu anayemwaga mahindi bila kikomo. Barabara kuu ikawa mto wa tope, malori yakasimama upande mmoja, sokoni watu wakafunika viazi kwa maturubai wakarudi nyumbani. Na mchana wa siku ile, nikiwa natenga wali, nikaisikia harufu.

Ilikuja kidogo, ikaondoka. Ikarudi. Ilikuwa kama yai lililooza likichanganyika na kitu kingine ambacho sitakitaja kwa kuwa wengine mnasoma mkiwa mnakula. Nilinusa pipa la taka, nikanusa jokofu, nikainusa nyama, ilikuwa nzima. Nikainua kitambaa cha kudekia. Hapana. Halafu, Mungu anisamehe, nikamfikiria mzee. Nikajisemea labda ni dawa ya jicho. Labda ni soksi zake, maana kwa baridi ile alikuwa akivaa jozi mbili kwa pamoja, na hapakuwa na mtu wa kumwambia azivue.

Nilikuja kujua baadaye kwamba wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, mzee naye alikuwa anainusa sahani ya wali niliyomtengea.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mume wangu, sauti yake imejaa upepo wa mashambani.

"Eti baba anauliza, kuna panya amekufa?"

"Amekuuliza wewe? Uko Ubaruku!"

"Amenipigia sasa hivi. Anasema hataki kukuudhi, lakini kuna panya amekufa, tena si mdogo."

"Mwambie hakuna panya. Muulize kama soksi zake ameziloweka."

"Nimuulize baba yangu habari za soksi?"

"Basi mwambie tu hakuna panya."

Akakata. Nikasikia simu ya mzee ikiita barazani. Nikasikia mzee akisema, "Ee... Ee... Hakuna? Haya." Kisha mzee akapiga chafya, na nikasikia anasogeza kiti chake mbali na mlango.

Tuliendelea hivyo siku mbili. Ujumbe ulitoka barazani, ukaenda Ubaruku, ukarudi jikoni, ukageuka, ukapita Ubaruku tena ukafika barazani. Mume wangu alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anaziba kingo kwa viroba vya mchanga, na kila baada ya nusu saa anatoa simu kwenye mfuko wa plastiki kutuuliza habari za harufu ya nyumba yake. Siku ya pili alianza kuchoka. Aliniambia, "Baba anasema... lakini kwani hamuwezi..." halafu akakumbuka kwamba hatuwezi, akashusha pumzi, akaendelea.

Mimi nilipigana kwa silaha nilizokuwa nazo. Nilimwaga dawa ya kuulia vijidudu chooni, nikamwaga sabuni ya unga, nikamwaga maji ya moto yenye chumvi na malimao. Nikapuliza ile dawa ya kopo yenye harufu ya maua. Kwa dakika kumi nyumba ilinukia maua, kisha harufu ikapenya katikati ya maua ikasimama palepale, safari hii ikiwa imejipodoa.

Jirani yangu akaja kuniokoa. Yeye ni mfanyabiashara wa viungo pale sokoni, babu zake walitoka Tanga, na ingawa amezaliwa Mbeya na anaogopa joto kama sisi wengine, Kiswahili chake bado kina chumvi ya pwani. Alisimama mlangoni ameshika mwavuli na pua ameiziba kwa kanga.

"Shoga, nimevumilia jana. Nimevumilia usiku kucha. Leo nimekuja kukuuliza, mnapika nini humu?"

"Sijui inatoka wapi, dada."

"Watani zako watasema mnajua wenyewe mnachokula Wahehe."

"Leo sina nguvu za utani wa kula mbwa."

Alicheka, akatoa chini ya kanga chetezo na udi uliofungwa kwenye gazeti. Tukafukiza sebule, tukafukiza vyumba, tukafukiza korido. Moshi ulijaa mpaka tukawa tunapapasa kuta. Barazani mzee alikohoa, na sekunde chache baadaye simu yangu ikaita kutoka Ubaruku kuuliza kama nyumba inaungua. Moshi ulipotulia, jirani yangu akavuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi.

"Sasa," akasema, "nyumba inanuka kama choo kilichoalikwa harusini."

Lakini jirani huyohuyo ndiye aliyenielekeza kwenye ukweli, kwa sababu pua yake ilikuwa ya kazi. Kutwa inapambanua iliki nzuri na iliki mbovu. Alitembea korido taratibu, akasimama kwenye mlango wa bafu, akanyoosha kidole kwenye tundu la sakafuni linalopitisha maji ya kuogea. "Ni hapa," akasema. "Huyu anapumua."

Tuliinama tukasikiliza. Kweli, tundu lilikuwa linapumua. Lilikuwa linatoa sauti ndogo ya mtu anayenywa maji kwenye chupa. Nikaziba kwa tambara na tofali juu yake. Jirani akaenda zake kuwahi swala, akaniachia udi uliobaki.

Jioni hiyo nilimpigia mama yangu Iringa kumjulia hali binti. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, nikamweleza mkasa wote. Mama alicheka mpaka simu ikamponyoka. Aliporudi akasema, "Wewe ulikulia kwenye choo cha nyasi mita hamsini kutoka nyumbani, ukasema kwamba ni cha kizamani. Ukataka cha ndani. Haya, kaa nacho." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, "Na mzee wa watu anasemaje?"

"Hasemi, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Maskini," mama akasema, na sikujua anamsikitikia nani.

Siku ya tatu mvua ilirudi kwa hasira. Saa nane mchana umeme ukakatika. Muda mfupi baadaye mtandao nao ukapotea. Nilijua umepotea kwa sababu nilimsikia mzee barazani akisema, "Haloo? Haloo?" mara nyingi, kila moja ya chini kuliko iliyotangulia. Wakati huohuo nikasikia tofali likisogea bafuni.

Nilikwenda kuangalia. Tambara lilikuwa limesukumwa pembeni na tundu lilikuwa halipumui tena, lilikuwa linatapika. Maji meusi yalikuwa yanasambaa sakafuni, pole pole, bila aibu, yakielekea korido na zulia langu la sebuleni. Nilirusha mataulo mawili mlangoni, taulo zuri na taulo baya, sikuchagua. Nikasimama pale nimeshika ufagio, nikiwa tayari kulia.

Ndipo nikasikia sauti ya mzee. Hakuniita. Alikuwa anaongea na mparachichi uliopo uani, nyuma ya nyumba. Alikuwa amezunguka mpaka kwenye upenu wa nyuma, amesimama chini ya bati, amevaa koti refu la sufu, kofia na miwani yake nyeusi, na mkononi ameshika mwavuli wa mume wangu.

"Maji yale," aliuambia mparachichi kwa sauti ya kutosha, "hayatoki ndani. Yanaingia kutoka nje. Mwenye nyumba, kama angekuwapo karibu, angekuja kusikiliza kwenye chemba."

Chemba ni kile kishimo cha zege kilicho nyuma ya bafu, kinachopokea maji machafu yote kabla hayajaingia kwenye shimo kubwa. Kina kifuniko cha zege chenye ringi ya nondo. Nilitoka nikasimama upande wa pili wa upenu, nikautazama mparachichi vilevile, kwa adabu.

"Na mzee, kama angekuwa anasikia," nikauambia mparachichi, "angejua mwenye nyumba amekwisha kuja na hajui asikilize nini."

Mzee aliuzungusha mwavuli mkononi. Nadhani alikuwa anaupima ujinga wa hali yenyewe. Kisha akaendelea, na mimi nikaanza kumsikia mtu mwingine kabisa. Maana mzee huyu, kabla ya uzee na jicho, alikuwa fundi mwashi. Alijenga madarasa, nyumba za walimu na zahanati, kuanzia Tukuyu mpaka Kyela. Nililijua hilo kama unavyojua habari za ukoo wa mume, yaani bila kulijali.

"Kuna maji yanadondoka ndani ya chemba," alisema. "Sikia. Ni mengi. Bafuni hakuna anayeoga. Yanatoka wapi?"

Nikasikiliza. Kweli, chini ya kishindo cha mvua kulikuwa na sauti nyingine ya maji, nzito, ya kuporomoka.

Nikayaona kabla hajasema. Kwenye kona ya nyumba, bomba la gata, lile linaloteremsha maji ya paa, lilikuwa halimwagi kitu chini. Lilikuwa limekunjwa kwa kiwiko cha plastiki, juu kidogo ya usawa wa kichwa, likateremka na kutambaa ardhini kama nyoka, likaingia ubavuni mwa chemba. Paa zima la nyumba yetu lilikuwa linamwaga maji yake chooni.

Nilikumbuka. Ilikuwa kiangazi. Maji ya paa ya msimu uliopita yalikuwa yamechimba pale anapoegesha pikipiki, na mume wangu alikuja na ubunifu. Alishinda uani Jumamosi nzima na msumeno na mabomba, akikataa msaada, akikataa hata chai. Alipomaliza aliniita nije kuona. Alisema mafundi wetu hawana akili ya kufikiri mbali. Nilimpongeza. Nilipiga na makofi.

"Mume wa mwenye nyumba ndiye aliyefanya hivyo," nikauambia mparachichi.

Mzee alilitazama bomba kuanzia kwenye gata mpaka kwenye chemba.

"Yule," mzee akauambia mparachichi kwa masikitiko, "nilimpeleka shule."

Ilibidi bomba litolewe upesi, na mtu wa kulitoa nilikuwa mimi. Mzee hakuruhusiwa kuinama wala kulowa. Nikafunga kanga kiunoni, nikavaa mabuti ya mume wangu yaliyonizidi kwa vidole vitatu, nikaingia mvuani. Nia yangu ilikuwa kwanza nifunue kifuniko cha chemba nione ilivyojaa. Nilichukua jembe, nikapitisha mpini kwenye ringi, nikainua. Kilikuwa kizito. Kiliachia upande mmoja, mvuke ukatoka, nami nikainama nichungulie.

"Mama!"

Sikuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kupaza mbele ya kundi zima la mafundi.

"Mama, usiiname hapo! Toa kichwa! Hiyo hewa inaua! Simama upande unakotoka upepo, uache ipumue kwanza!"

Niliruka nyuma, buti moja likabaki kwenye tope. Nikageuka. Mzee alikuwa ametoka upenuni, amesimama kwenye mvua, mwavuli ameuelekeza kwangu badala ya kujifunika, na miwani nyeusi imejaa matone. Ananitazama. Hakukuwa na shaka yoyote, hata kwa miwani.

Nadhani sote wawili tulikuwa tunasubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Baba," nikasema, "jicho lako. Rudi chini ya bati."

"Narudi," akasema. Akarudi kinyumenyume. "Usiguse tena kifuniko. Nenda kwenye kona. Vuta kiwiko."

"Kimefungwa, baba. Kwa mipira ya tairi la ndani."

"Mizunguko mingapi?"

Nikahesabu. "Kama kumi na tano."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Leta kisu," akasema.

Nilikata mipira mmoja mmoja, maji yakinichirizikia mgongoni, mzee akinielekeza. Sogea kushoto. Usikate kuelekea mkononi. Sasa shika bomba kwa juu, zungusha, usivute. Zungusha kama unafungua mtungi. Nilizungusha. Halikutoka. Nilizungusha tena kwa hasira yote niliyokuwa nayo dhidi ya mume wangu, ambayo kwa wakati ule ilitosha kung'oa mparachichi, na kiwiko kikachomoka ghafla. Nilikuwa nimesimama chini yake hasa. Maji yote ya paa la vyumba vinne yalinishukia kichwani, yakanikalisha chini kwenye tope.

Mzee alicheka. Alianza kwa kujizuia, akaweka mkono mdomoni, halafu ikamshinda. Alicheka ameshika nguzo, huku akisema, "Jicho, jicho langu, daktari alisema nisicheke," jambo ambalo daktari hakulisema kabisa. Nami pale chini, na buti moja, nikaanza kucheka pia, na nilicheka kwa muda kuliko ilivyostahili, kwa sababu miaka kumi na moja ya kupishana bila kutazamana ilikuwa inatoka kwa mkupuo.

Maji ya chemba yalianza kushuka. Nilipoingia ndani, bafuni lile tope jeusi lilikuwa linarudi kwenye tundu kwa sauti ya kunyonya, likiacha mabaki yake nyuma kwa ajili yangu. Nilianza kukusanya ndoo na dawa, natetemeka kwa baridi, ndipo nikasikia kitu ambacho kwa mila za mzee ni kikubwa kuliko yote ya siku ile. Alikuwa jikoni. Jikoni kwangu.

"Mama," akauliza kutoka humo, kwa upole, "hiki kidude cha gesi kinawashwaje? Nataka nikubandikie maji ya kuoga."

Mtandao ulirudi kabla jua halijazama, na simu zetu mbili zikaita moja baada ya nyingine. Mume wangu alianza na ya baba yake.

"Baba, nilikuwa na wasiwasi. Niambie, nimwambie nini mama wa huko?"

"Usimwambie kitu," mzee akajibu. "Nimeshamwambia mwenyewe. Wewe maliza majaruba yako uje. Kuna kazi yako hapa."

Mume wangu alirudi baada ya siku nne, maana siku mbili zake ndivyo zilivyo. Alikuta kiti cha mzee kimewekwa uani, chini ya mparachichi, na jembe na sururu vimelazwa mbele yake. Mzee hakumgombeza. Alimwomba tu aeleze, hatua kwa hatua, alivyokuwa amefikiri siku ile ya Jumamosi. Mume wangu alieleza. Alipofika mahali pa kuingiza bomba kwenye chemba, mzee akasema, "Rudia hapo." Akarudia. "Rudia tena, polepole, mke wako naye asikie." Kufika mara ya tatu mume wangu aliichukua sururu mwenyewe.

Alichimba mtaro mrefu kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye migomba, akapanga mawe chini, na safari hii alikubali msaada na chai. Juma lililofuata lilikuja gari la kunyonya maji taka, maana shimo kubwa lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Lilisimama mtaani saa nzima likinguruma, na majirani wote wakapata sababu ya kupita mbele ya nyumba yetu. Yule jirani yangu wa viungo alipita mara tatu. Mara ya tatu alinong'ona, "Yule mwalikwa wa harusi ameondoka?"

Nyumba ilikaa siku kadhaa bila harufu yoyote, na nilikuwa nikisimama korido navuta pumzi bila sababu.

Mzee na mimi hatukugeuka kuwa marafiki wa kupiga picha. Alibaki kula barazani na mimi jikoni. Lakini alizoea kusogeza kiti chake karibu na mlango, na mlango nikazoea kuuacha wazi, na uji ulipokuwa mzito aliniambia mwenyewe kwamba ni mzito, na hakuongeza kwamba hakusema ni mbaya. Daktari alipolitazama jicho alisema limepona vizuri.

Siku ya kuondoka, mume wangu alipotoka kutafuta bajaji, mzee alinyanyua mkono akanizuia nisiingie ndani.

"Ile habari ya bomba," akasema. "Usimcheke sana mwanangu."

"Nimeshamcheka, baba."

"Ndiyo, lakini isizidi." Akaangalia kama bajaji inakuja. "Nilipokuwa kijana nilipewa kazi ya kujenga choo cha shule. Kazi yangu ya kwanza nikiwa kiongozi wa mafundi. Nilikijenga kizuri, imara, kwa matofali ya kuchoma. Nilikijenga juu ya mlima, jiko la shule likiwa chini yake."

Nikauma upindo wa kanga nisicheke.

"Mvua ya kwanza tu," mzee akasema, na hakumaliza. Alitazama mbali, lakini sasa hakuwa ananikwepa mimi. "Tulikibomoa chote, tofali kwa tofali. Hakuna mtoto wangu hata mmoja anayejua. Ndaga, mama. Nakushukuru kwa kuniweka. Usimwambie."

Bajaji ikafika, mume wangu akashuka akiwa na haraka zake, akapakia begi, akatuangalia mmoja baada ya mwingine akauliza tulikuwa tunazungumza nini. Baba yake akamjibu kwamba tulikuwa tunazungumzia hali ya hewa. Mpaka leo sijamwambia. Nimeandika tu hapa, ambapo ni salama, kwa sababu mume wangu husoma bei za mpunga na hasomi kitu kingine.